Kompresa ya fezi tatu inanguruma, haipozi na geji zimelingana: usiirudishe dukani kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nafanya AC hapa Tanga, bado kijana kwenye kazi. Nimefunga mashine ya nje ya HP 10, fezi tatu, gesi R410A, juu ya slabu ya ukumbi wa harusi huku Raskazone, ndani ni ya dakti. Kibao kimeandikwa 380-415V 50Hz, kompresa RLA 17 (ampea za kazi ya kawaida) na LRA 111 (ampea za wakati wa kuwaka), feni mbili za 230V ampea 1.2 kila moja, MCA (ampea ambazo kebo lazima ibebe) 23.7, fyuzi kubwa kabisa 40. Kebo ni ya milimita 4, imetoka DB (boksi la breka) mpaka juu mita 45 ndani ya kondwiti. Siku ya kuwasha ilikataa, ndani ya boksi kuna kadude kana taa nyekundu, fundi umeme akakapita kwa waya ikawaka, ila inanguruma vibaya na haipozi. Geji zinasoma psi 260 upande mdogo na 285 upande mkubwa, ampea 8 tu. Breka ilikuwa 20 ikawa inakata wakati wa kuwaka, akaweka 63. Bosi anasema kompresa mbovu irudishwe, muuzaji anasema niongeze gesi. Harusi ni wiki ijayo, naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unaanza kwa kuzima isoleta, ile swichi ya kukatia umeme wa mashine, na kuifunga na kufuli, usiiwashe tena kwa huo waya, na gesi usiongeze hata kidogo. Kompresa yako kwa maelezo haya sioni kama imekufa, inazunguka kinyume tu kwa sababu fezi zake tatu zimeingia kwa mpangilio uliopinduka.

Namba zako zenyewe zinasema. R410A ikiwa imelala tu kwenye joto la kama 32 inakuwa na presha karibu psi 275 pande zote mbili, sasa wewe mashine inawaka na una 260 na 285, yaani kompresa inazunguka lakini haisukumi kitu. Ingekuwa inafanya kazi kwa hali ya hewa ya Tanga ungeona upande mdogo umeshuka mpaka 120 au 130 hivi na upande mkubwa umepanda karibu 380 mpaka 400 na kitu. Halafu ampea 8 wakati kibao kinasema 17, mota haina mzigo. Na kelele. Kompresa ya skroli ina vyuma viwili vya mzunguko wa konokono, kimoja kimekaa na kingine kinazungushwa ndani yake, ikienda upande wake inaifinya gesi kutoka pembeni kwenda katikati, ikigeuzwa haifinyi chochote inagonga tu na kunguruma. Zile za zamani za pistoni hazijali sana mota imeenda upande gani ndo maana wazee wengi walifunga miaka na miaka bila kuulizana habari ya mpangilio wa fezi, skroli haikubali hiyo.

Kitu kingine kinachowadanganya watu ni feni. Feni zako ni za 230V, fezi moja, hizo zitazunguka sawasawa tu hata kama fezi za kompresa zimepinduka, kwa hiyo mtu anasimama pale juu anaona upepo unatoka vizuri anasema umeme uko sawa, kompresa ndo mbovu. Kwenye mashine ambazo feni nazo ni za fezi tatu ungeona upepo unaenda kinyume ungeshtuka mapema.

Sasa turudi kwenye kile kadude chenye taa nyekundu. Hiyo ni rilei ya kulinda fezi na ilikuwa inasema ukweli, mashine nzima kitu pekee kilichokuwa kinasema ukweli siku ile mkakiziba mdomo. Inaangalia vitu vitatu, mpangilio wa fezi, fezi iliyopotea, na nyingine zinaangalia pia volti zikizidi au zikishuka. Ikiona kasoro inafungua mguso wake, umeme haufiki kwenye koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye kompresa, mashine inakataa kuwaka. Na we angalia huyo fundi umeme waya wake aliuchomeka wapi hasa. Kama aliunganisha pini mbili za mguso wa rilei basi amepita rilei peke yake, lakini kama alichukua laini ya kontroli akaipeleka moja kwa moja kwenye koili, amepita na swichi ya presha kubwa na ya presha ndogo pia, kwa sababu hizo zote zimepangwa kwa kufuatana kwenye njia hiyohiyo ya koili. Maana yake ukishanyoosha fezi, kompresa ikianza kusukuma kweli, siku feni moja ikifa hakuna kitu cha kuizuia presha isipande mpaka bomba lipasuke. Huo waya utoke kabla ya kitu kingine chochote, na hakikisha koili ni ya volti ngapi, maana kama kontroli yake ni 24V na mtu kaleta 230 basi hapo tuna kesi nyingine.

Kunyoosha ni kazi ndogo. Tafuta mita ya kuonyesha mzunguko wa fezi, wauza vifaa vya umeme wanayo na sio ghali, ukikosa kabisa rilei yenyewe itakuambia kwa taa yake. Zima, pima hakuna umeme kati ya fezi na fezi na kati ya kila fezi na ethi, halafu badilishana waya wowote wawili kati ya zile tatu pale unapoingia kwenye mashine, kwenye bloku ya tereminali au upande wa kutokea wa isoleta. Usibadilishe chini ya kompresa kwenye pini zake, kwa sababu rilei inasoma umeme wa pale mwanzo, ukigeuza kwenye pini kompresa itaenda sawa ila rilei itaendelea kulalamika na mtu atakuja kuipita tena. Na kuna ujanja mwingine mbaya zaidi nimeukuta kwenye kazi za watu, fundi anageuza zile waya nyembamba tatu zinazoingia kwenye rilei tu, taa inakuwa ya kijani, kila mtu anafurahi, kompresa bado inaenda kinyume. Kwa hiyo waya nyembamba usiziguse.

Kwenye DB pia usiguse mpaka uulize kwanza kama kuna mota nyingine ya fezi tatu pale ukumbini, pampu ya maji kwa mfano. Kama pampu inavuta maji vizuri na we ukabadilisha fezi kule chini, utapoza ukumbi na kuua maji ya vyoo siku ya harusi.

Ila nataka ujue fezi zilipindukia wapi, na hapa nina shaka na rangi. Ukumbi wa zamani DB yake ina waya wa nyekundu, njano na bluu kwa fezi na nyeusi ndo nyutro. Kebo mpya zinazouzwa sasa hivi ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi na bluu ndo nyutro. Umeona hapo? Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni fezi, bluu ya zamani ni fezi, bluu ya sasa ni nyutro. Fundi akiunganisha rangi kwa rangi bila kupima anaweza kupeleka fezi kwenye sehemu ya nyutro, na feni zako za 230V zikipata 400 haziishi hata dakika chache, zako zimepona kwa hiyo hilo halikutokea, lakini inaonyesha kazi ilifanywa kwa kukisia. Weka alama za L1, L2, L3 na N pande zote mbili za kebo baada ya kupima. Na kwa sababu feni zinategemea nyutro, hiyo skrubu ya nyutro ikaze kuliko unavyokaza nyingine, nyutro ikilegea volti zinahama ovyo na vinavyoungua ni feni na bodi.

Baada ya kugeuza usikimbilie kuwasha. Chini ya kompresa kuna hita ya mkanda inayopasha mafuta, inatakiwa iwe imewaka usiku kucha kabla ya kompresa kuanza, vitabu vingi vinasema saa 12 mpaka 24. Gesi inapenda kwenda kulala kwenye mafuta mashine ikiwa baridi, ukiwasha hapo kompresa inakula mafuta yaliyojaa gesi, yanapiga povu, bearingi zinabaki kavu. Kwa ukumbi wa harusi hii kitu ni ya kuangalia sana kwa sababu mashine inafanya kazi Jumamosi na Jumapili halafu mlinzi anaambiwa zima kila kitu LUKU isiende, naye anazima mpaka isoleta ya AC, Ijumaa jioni mtu anawasha ghafla kujaribu ukumbi. Mwambie bosi AC izimwe kwa themostati, isoleta ibaki juu. Na kama kuna siku umeme ulikatika muda mrefu basi hita ipewe muda wake kwanza. Hita inaunganishwa kabla ya kontakta, hakikisha kwako iko hivyo na shika uone kama kweli ina joto.

Haya, sasa breka na kebo, hapa ndo kuna hatari ya moto kwelikweli na ndo sehemu iliyonifanya nijibu haraka. Breka ya 20 ilikuwa inakata kwa sababu gani? Kama ni taipu C, sumaku yake, ile sehemu inayokata papo hapo, inakata kati ya mara 5 na mara 10 ya namba yake, yaani kati ya ampea 100 na 200. Kompresa yako inapoanza inavuta 111. Iko ndani ya hiyo sehemu ya kubahatisha, siku nyingine inapita, siku nyingine inakata. Kwa hiyo breka haikuwa mbovu wala kompresa haikuwa na shoti, namba ndo ilikuwa ndogo. Jibu lake lakini sio 63. Kibao kimeandika kubwa kabisa 40, aliyetengeneza mashine amekuambia juu ya hapo hajui kitakachotokea, na kebo ya milimita 4 chini ya breka ya 63 inaweza kuungua ndani ya kondwiti breka ikiwa imekaa tu inaangalia.

Hizo namba za kibao hazikutoka hewani. MCA ni RLA mara 1.25 ukijumlisha feni, 17 mara 1.25 ni 21.25, feni mbili ni 2.4, unapata 23.65 wao wakaandika 23.7. Hiyo ndo ampea ambayo kebo yako lazima iweze kubeba muda wote. Na ile kubwa kabisa ni RLA mara 2.25 na feni, unapata 40 na kidogo, ukishuka kwenye saizi iliyopo ni 40.

Sasa tuone kebo. Kwa jedwali za BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, ambazo wengi wetu tumefundishwa nazo, kebo ya PVC ya milimita 4, fezi tatu, kwenye kondwiti ukutani, inabeba 27 kama hewa ni nyuzi 30. Juu ya slabu Tanga saa nane mchana kondwiti iko juani, weka 45 hapo na usione ni nyingi, unazidisha kwa 0.79, inabaki 21. Unahitaji 23.7. Kwa hiyo kebo ya 4 imeshindwa hapohapo hatujafika hata kwenye umbali. Ya 6 inabeba 34, ikipigwa joto inabaki 27 hivi, inatosha MCA lakini breka ya 32 itakuwa kubwa kuliko kebo. Ya 10 inabeba 46, ikipigwa joto 36, hapo breka ya 32 inakaa juu ya mzigo na chini ya kebo kama inavyotakiwa, na C32 sumaku yake inaanzia 160 kwa hiyo 111 ya kuwaka inapita bila kelele. Mi ningeenda na milimita 10 na C32, waya wa ethi nao milimita 10 mpaka kwenye bodi ya mashine.

Bosi atasema 6 inatosha fundi fulani kasema. Mwonyeshe na upotevu wa volti. Kebo ya 4 inapoteza milivolti 9.5 kwa kila ampea kwa kila mita, ya 10 inapoteza 3.8. Mashine ikishatulia kwenye ampea 19 na kidogo, kwa mita 45 ya 4 inakula kama volti 8, sio mbaya. Lakini pale inapowaka na 111, ya 4 inaweza kula mpaka 47, ya 10 inakula 19. Hesabu hiyo imeegemea upande wa woga, wakati wa kuwaka pawa fakta iko chini na upotevu halisi unapungua, ila ukikumbuka jioni ya Jumamosi laini yenyewe inaweza kuwa imeshashuka kabla hujawasha chochote, kompresa inayojaribu kuamka na volti zilizochoka inakaa muda mrefu kwenye ampea kubwa na hapo ndo waya wa mota unapikika. Kontakta nayo inaanza kugonga gonga, miguso inaungua.

Hii kazi ya kebo, breka na ethi ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, sio kwa ajili ya karatasi tu, ukumbi ukiungua na watu ndani swali la kwanza litakuwa nani alifunga na jina litakalotajwa ni lako wewe wa AC.

Ukishamaliza hayo yote, rilei imerudi kazini, taa ya kijani, hita imelala usiku kucha imewaka, ndo unawasha. Sekunde chache tu utajua, upande mdogo unashuka na upande mkubwa unapanda kwa wakati mmoja, kelele inaisha. Isipobadilika chochote zima, hapo ndo tunaanza kuongea habari ya kompresa. Na kuhusu hofu kwamba kwenda kinyume kumeshaiua, dakika chache huwa haziui, nyingi zina protekta ya ndani inayokata zenyewe zikipata joto, tatizo ni ukiiacha iende hivyo kila siku mafuta hayazunguki inavyotakiwa. Ukiirudisha kwa muuzaji sasa hivi ataipima ataikuta nzima, na akiona ule waya wa kuruka rilei garantii ndo basi.

Ikiwa inatembea pima volti fezi kwa fezi, zote tatu, na ampea kwa klampu waya mmoja mmoja. Tuseme umepata 410, 395 na 380. Wastani ni 395, iliyo mbali zaidi iko mbali kwa 15, 15 kwa 395 ni asilimia 3.8. Watengenezaji wengi wanataka usizidi 2. Inaonekana ndogo lakini joto la ziada kwenye mota linapanda kwa karibu mara mbili ya mraba wa hiyo asilimia, yaani hapo kama asilimia 29. Kabla hujawapigia TANESCO kulalamika angalia DB ya ukumbi kwanza, maana mara nyingi unakuta friza za vinywaji, taa za jukwaa na mashine za DJ zote zimebebeshwa fezi moja, nyingine mbili zimepumzika. Zigawanye. Ukigawanya na bado hazilingani ndo uwaite.

Gesi utaiangalia baada ya mashine kutembea angalau robo saa, kwa supahiti (nyuzi ambazo gesi imepita kiwango chake cha kuchemka) na sabkuling (nyuzi ambazo gesi iliyogeuka maji imepoa chini ya kiwango hicho), sio kwa kuangalia presha peke yake na kukisia. Hukuniambia kama ulivuta vakyumu mpaka maikroni 500 na kuangalia kama inashikilia, wala kama ulipitisha naitrojeni wakati wa kuchomelea, nachukulia ulifanya. Kama hukufanya niambie ukweli, maana mafuta ya R410A yanakunywa unyevu vibaya sana na huko baharini hewa yenyewe ni maji.

Habari ya chumvi fupi tu, koili ya nje iwe inaoshwa kwa maji baridi ya bomba, mara kwa mara na sio mara moja kwa mwaka, na isoleta iwe ya kuzuia maji, zile za plastiki za ndani ya nyumba juu ya slabu ya Raskazone hazimalizi masika.

La mwisho, na hili naona hukuliuliza kabisa: ukumbi una jenereta? Siamini ukumbi wa harusi usiwe nayo. Fezi za jenereta nazo zina mpangilio wake, na aliyeifunga chenjiova, swichi ya kuhamisha kati ya TANESCO na jenereta, huenda hakujali kwa sababu mzigo ulikuwa taa na muziki, vitu ambavyo havina mbele wala nyuma. Unaweza ukanyoosha kila kitu kwenye TANESCO, umeme ukakatika bibi harusi anaingia, jenereta ikashika na rilei yako ikawaka nyekundu ukumbi mzima unakuangalia wewe. Pima mzunguko wa fezi kwenye jenereta na kama umepinduka geuza waya mbili upande wa jenereta kwenye chenjiova, pale pale zinapoingilia, ili kutoka hapo kushuka chini iwe sawa kwa zote mbili. Na uangalie jenereta ni ya kVA ngapi, hiyo 111 ya kuwaka kwa 400V ni kama kVA 77 kwa muda mfupi, jenereta ya kVA 30 itapiga goti hata kama mashine ikishatembea inavuta kVA 13 tu, hapo itabidi uongee na bosi kuhusu softi stata, kifaa cha kuanzisha mota polepole, au kukubaliana AC isiwe kwenye jenereta. Kama AC itabaki kwenye jenereta, jaribuni bosi akiwepo, mchana, kabla ya hiyo harusi, na kila mnapobadilisha kutoka TANESCO kwenda jenereta taima ya kuchelewesha iwe imewekwa dakika 3 mpaka 5 ili kompresa isilazimishwe kuanza presha bado hazijatulia.